Neno Alilonyimwa Kubwimana

Spéciose hakuomba mengi. Alitaka mtu mmoja, Audace, asimame mbele ya wagonjwa anaowaita kwenye utafiti wake, aseme kwa mdomo wake mwenyewe jambo alilomficha Kubwimana, ndugu yake Spéciose, na yeye Spéciose awepo aone uso wake wakati analisema. Wapo waliomshauri amwachie Mungu. Wapo waliomshauri atafute mwanasheria. Aliwajibu kwamba Mungu anajua tayari, na kwamba mwanasheria kazi yake ni kusema badala ya watu, wakati yeye anachotaka ni Audace aseme.

Ni fundi cherehani katika soko la Kimironko, kwenye safu ya mafundi inayopakana na wauza vitenge. Alizaliwa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, wazazi wake wakiwa wakimbizi, akarudi Rwanda, nchi ambayo alikuwa hajawahi kuiona. Alirudi na cherehani moja, Kiswahili cha Buyenzi, na mdogo wake Kubwimana. Wanawake wa Kimironko humwogopa kidogo. Mteja akisema nguo inambana, Spéciose humtazama kwa utulivu na kumwambia kwamba nguo haijabadilika tangu juzi. Hana tabia ya kupaka mambo sukari, na hajawahi kuona faida ya kufanya hivyo.

Kubwimana aliuza maharage na mchele katika soko hilohilo, lakini si maharage yaliyompa jina. Jina alilipata kwenye gusaba, sherehe ambayo ukoo wa kijana huenda kumposa binti kwao. Huko kila upande huwa na msemaji wake. Msemaji wa wageni huzunguka: husifu ng'ombe, husifu maua ya ukumbini, husema walikuwa wakipita tu wakaona wasalimie. Msemaji wa wenyeji naye hujifanya haelewi. Huuliza tena na tena, kwa heshima nyingi na ukatili kidogo, mpaka mgeni atokwe jasho na kusema waziwazi kwamba wamekuja kuomba mke. Kubwimana alikuwa msemaji wa wenyeji, na hapakuwa na mjinga wa kujifanya aliyemshinda. Watu walimfuata kutoka Kicukiro na Gasabo yote. Kuna mzee mmoja aliyewahi kubanwa naye mpaka akasahau jina la binti aliyekuja kumwomba, na ukumbi ukacheka hadi soda zikamwagika.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeshindwa na neno moja.

Ugonjwa ulianzia machoni. Weupe wa macho ukageuka manjano, ngozi ikawasha, nyama ikamtoka mwilini kama mtu anayevua makoti mengi moja moja. Daktari alisema ni saratani ya mirija ya nyongo, saratani isiyoonekana mara nyingi, na kwamba imekwisha kuingia kwenye ini. Alisema upasuaji hautafaa. Alisema pia kwamba kuna kituo cha utafiti upande wa Kagugu kinachotafuta wagonjwa wa aina hii, na kwamba mratibu wake angepita kuwaona.

Mratibu huyo ndiye Audace. Alikuja na shati lililonyooshwa vizuri na Kiswahili kilichomfanya Kubwimana ainuke kitandani.

"Kijana, Kiswahili hicho si cha hapa. Umekulia wapi?"

"Buyenzi."

"Avenyu ya ngapi?"

Wakaanza kuulizana avenyu, wakaulizana nani alikuwa na duka la mandazi kwenye kona na nani alimwoa binti ya mwalimu wa madrasa. Spéciose alikuwa pale. Anakumbuka alivyofurahi. Mtu aliyekulia uhamishoni akikutana na mwenzake aliyekanyaga vumbi lilelile, mlinzi wa moyo wake hulala. Audace alilijua hilo, kwa kuwa na yeye ana moyo wa namna hiyohiyo.

Walipomaliza habari za mandazi ndipo wakafika kwenye dawa.

"Tunatoa dawa mbili kwa pamoja," alisema Audace. "Moja inaingia kwa dripu, nyingine ni vidonge, vidonge vipya. Hulipi kitu. Wewe utakuwa katika icyiciro cya mbere."

Muda wote huo walikuwa wakizungumza Kiswahili. Kwa maneno hayo peke yake Audace aliingia katika Kinyarwanda.

Msomaji asiyeishi hapa anapaswa kuelezwa. Kwa miaka mingi kaya za Rwanda zilipangwa katika ngazi kwa kadiri ya hali zao, na ngazi hiyo iliitwa icyiciro. Icyiciro cya mbere, yaani ngazi ya kwanza, ilikuwa ya watu wasio na kitu, wale ambao Serikali iliwalipia bima ya afya. Utaratibu huo umekwisha kubadilishwa, lakini neno halikutoka vinywani mwa watu. Mpaka leo, ukimwambia mtu wa Kimironko kwamba ameingia icyiciro cya mbere, husikia kwamba mkono wa Serikali umemfikia, na kwamba atatunzwa. Bahati mbaya, au pengine si bahati, neno hilohilo ndilo watafiti wanalolitumia kutaja hatua ya kwanza ya kujaribu dawa kwa binadamu. Hatua hiyo haiulizi kama dawa inaponya. Huuliza kwanza mwili unaweza kuvumilia kiasi gani.

Kubwimana alisikia maana ya kwanza, si ya pili. Akacheka.

"Icyiciro cya mbere mimi? Mimi nina duka, kijana. Dada, umesikia? Ugonjwa umenishusha cheo."

"Usijali, mzee," alisema Audace, akicheka pamoja naye. "Hapa utaingia tu."

Kicheko kile ndicho kosa. Lingekuwa neno lililoteleza ulimini, lingesameheka, maana ulimi wa kila mtu huteleza. Audace aliona mgonjwa ameelewa kitu ambacho hakimo, akajua ni kitu gani, kisha akakicheka ili kikae. Alitoa karatasi, akaisoma kwa haraka, na Kubwimana akatia saini kwa furaha ya mtu aliyepewa haki yake. Kuna wanaosema saini hufuta kila kitu. Watu hao hawajawahi kutia saini wakiwa na macho ya manjano.

Haidaiwi hapa kwamba utafiti ni dhambi. Dawa zote zilizowahi kumfaa mtu zilipitia mwili wa mtu wa kwanza ambaye hakujua zitamfanya nini, na mtu huyo anastahili heshima kuliko wengi waliowekewa sanamu. Lakini heshima hiyo ni yake ikiwa amechagua. Kumpeleka mtu mbele kwa kumdanganya kwamba anapelekwa nyumbani si utafiti. Ni wizi, na kilichoibwa ni siku alizobakiwa nazo.

Siku hizo zilikuwa na kazi. Natacha, binti pekee wa Kubwimana, alikuwa amekwisha kuchumbiwa, na wazazi wa kijana walikuja kuuliza lini wapokelewe. Kubwimana aliwaambia wasubiri.

"Niacheni nimalize dawa za Serikali," alisema. "Siwezi kumtoa binti yangu nikiwa na rangi ya ndizi mbivu. Mtadhani namuuza pamoja na matunda."

Wakacheka, wakaondoka, gusaba ikaahirishwa. Mtu anayetibiwa huahirisha mambo, maana anaamini kuna baadaye. Angejua ukweli, kila mtu wa familia hiyo anaapa, binti angetolewa wiki iliyofuata, baba akiwa ameketi mbele na sauti yake ingali nzima.

Sauti haikubaki nzima. Dawa zilimfanyia vidonda mdomoni, ulimi ukavimba, maneno yakatoka kama yamefungwa kwenye kitambaa. Alitapika maji. Alikataa hata uji wa mtama ambao Spéciose alimpelekea Kagugu kwenye chupa ya chai. Hakulalamika. Alisema kwa shida kwamba dawa kali ndiyo inayotibu.

Kisha akaja mgonjwa mwingine, akalazwa kwenye kitanda cha jirani, naye alikuwa na saratani kama yake. Wagonjwa huzungumza, na jambo la kwanza wanalolinganisha ni dawa. Yule mgeni vidonge vyake vilikuwa vingi kuliko vya Kubwimana. Kubwimana aliviona, akamwita muuguzi, dada wa Kikenya anayeitwa Cynthia.

"Binti, huyu amekuja jana tu. Mbona anapewa nyingi kuliko mimi?"

"Yeye ni wa kundi la pili, mzee," alisema Cynthia. "Nyinyi wa kwanza mlianza na kidogo. Tukaona mmevumilia, sasa tunaongeza."

"Mmeona tumevumilia nini?"

"Dawa."

"Nilidhani dawa ndiyo inavumilia ugonjwa."

Cynthia alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Ni lazima isemwe kwa haki yake kwamba hakukimbia. Alimuuliza kama hakuelezwa. Alipoona hakuelezwa, alimweleza taratibu: kwamba dawa hizi mbili hazijawahi kutolewa pamoja kwa watu, kwamba wanatafuta kiasi ambacho mwili unakubali, kwamba huenda zikamsaidia, wote wangefurahi, lakini hakuna aliyejua, na kiasi alichopewa yeye kilikuwa cha chini kuliko vyote kwa sababu walihofia kumdhuru.

"Basi icyiciro cya mbere ni nini?" aliuliza Kubwimana.

"Ndiyo hiyo, mzee. Hatua ya kwanza ya majaribio."

Spéciose alikuwa ameshika chupa ya uji. Alimwona ndugu yake akigeukia ukutani, mabega yake yakaanza kutikisika, akadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti, mdomo ukiwa umefungwa kwa sababu ya vidonda.

"Dada," alisema, "kijana amenibana. Mimi nimewabana watu maisha yangu yote, na huyu amenibana kwa neno moja, na sikumuuliza hata mara ya pili."

Aliacha dawa, akarudishwa nyumbani. Wakajaribu kuharakisha gusaba. Wakwe wakasema ndiyo, siku ikapangwa, na Kubwimana akafa kabla ya siku hiyo. Natacha alitolewa mwaka uliofuata na baba mdogo aliyetoka Huye, mtu mwema, asiyejua kuzungumza.

Audace alikuja msibani. Alikuja na shada la maua la kituo, akakaa mahali pa heshima, na alipopewa nafasi alisema kwamba marehemu alikuwa ametoa mchango mkubwa kwa ajili ya wagonjwa wa kesho. Watu waliitikia kwa vichwa. Spéciose alimfuata hadi langoni.

"Umesema ametoa mchango."

"Mkubwa, mama. Sana."

"Mtoaji hujua kwamba anatoa," alisema Spéciose. "Asiyejua ameibiwa."

Audace alimshika mkono kwa mikono yake miwili, kama mtu anavyomshika mfiwa asiyejua anachosema. Akamwambia ajipe moyo. Akapanda gari. Tangu hapo Spéciose alijua anachotaka, na hakukihitaji kingine chochote.

Hasira ina adabu yake. Ya Spéciose iliketi naye kwenye cherehani kila siku, ikanyoosha mishono, ikavunja sindano. Fundi wa meza ya pili, Telesphory, Mtanzania wa Karagwe mwenye ulimi mrefu, aliiona.

"Dada, gauni hilo umeshona mfuko mahali pa mkono."

"Nimeona."

"Mteja ana mikono, au naye amekukosea?"

"Telesphory, shona suruali zako."

"Nashona. Nasema tu kwamba kwetu mtu akikukosea unamwendea na maneno, huendi na mkasi."

"Kwani nimesema nitakwenda na mkasi?"

"Hujasema. Umeushika tangu asubuhi na hujakata kitu."

Spéciose aliuweka mkasi mezani. Telesphory alikuwa amemgusa mahali pa kweli. Alikuwa amewaza mambo. Aliwaza kwenda kanisani kwa Audace, asimame wakati wa matangazo. Aliwaza kumwandama sokoni mkewe anaponunua mboga, amwambie kila mara, mbele ya wauza nyanya, mumewe ni mtu wa namna gani. Aliyatupilia mbali yote. Katika mambo hayo yote mwenye kusema ni Spéciose, na Audace angekuwa mtu anayeonewa na mwanamke aliyechanganyikiwa kwa msiba. Alihitaji mahali ambapo Audace mwenyewe atalazimika kufungua mdomo.

Audace mwenyewe ndiye aliyempa mahali hapo. Alimpigia simu. Kituo kilikuwa kinaanza utafiti mwingine, dawa nyingine mbili, kwa saratani nyingine adimu, na watu walikuwa wanaogopa. Wangefanya mkutano wa wagonjwa na familia zao katika ukumbi wa harusi uliokodiwa huko Kagugu. Je, mama angekubali kuja kutoa ushuhuda? Neno lake lina uzito, watu wa soko wanamjua.

"Niseme nini?" aliuliza Spéciose.

"Sema tu jinsi tulivyomtunza ndugu yako."

"Nitakuja."

"Mungu akubariki, mama."

"Nitakuja, Audace," alisema tena, na Telesphory aliyekuwa anasikiliza akaacha kukanyaga pedali.

Ukumbi ulikuwa bado una riboni za harusi ya Jumamosi kwenye viti. Wagonjwa walikaa na jamaa zao, wengine wamefungwa vitambaa vichwani, wengine wakiwa na mifuko ya hospitali mapajani. Audace alizungumza vizuri. Alizungumza juu ya matumaini, juu ya sayansi, juu ya nchi inayosonga mbele. Kisha akasema: "Nyinyi mtakuwa icyiciro cya mbere," na Spéciose akaona nyuso zikilegea, bega la mwanamke mmoja likishuka kama aliyetua mzigo. Ulikuwa uso uleule wa Kubwimana, umerudiwa kwenye viti vingi.

Akapewa kipaza sauti.

Hakutoa ushuhuda. Alisimama akakitazama kipaza sauti kama mtu asiyejua kinatumikaje, akasalimia, akauliza kama ni wazima, akauliza na watoto. Kisha akasema kwa upole mwingi:

"Bwana Audace, mimi ni fundi nguo, unisamehe. Kuna neno umesema sikulielewa. Icyiciro cya mbere ni nini?"

Audace alitabasamu. "Ni hatua ya kwanza, mama."

"Ya kwanza. Vizuri. Ya kwanza kupona?"

"Ya kwanza ya utafiti."

"Ahaa. Nilidhani ni ile ya Serikali. Kumbe si ya Serikali."

Minong'ono ikapita kwenye viti. Mzee mmoja alimgeukia mwanawe akamuuliza kitu.

"Na utafiti huu unatafuta nini?" aliendelea Spéciose.

"Mama, haya yote tutamweleza kila mtu faraghani."

"Eleza hapa kidogo, faraghani umalizie. Mimi sielewi upesi."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Akasema kwa sauti, "Leo msemaji wa wageni kakwama." Ukumbi wote ukacheka, maana kila mtu aliutambua mchezo. Audace naye aliutambua. Alitafuta tabasamu lake akalipata nusu.

"Tunatafuta kiasi sahihi cha dawa."

"Kiasi sahihi ni kipi?"

"Kile ambacho mwili unakivumilia."

"Kwa hiyo hamkijui."

"Bado."

"Na kwamba dawa hizi mbili pamoja zinatibu, hilo mnalijua?"

Audace alitazama viti vya mbele, walipokaa wakubwa wake. Hakuna aliyemsaidia.

"Tunatumaini."

"Sikuuliza mnatumaini nini. Hata mimi natumaini. Mnajua?"

"Hatujui," alisema Audace.

Hapakuwa na kicheko tena. Spéciose alisogea hatua mbele, na ule ujinga wa kuigiza ukamtoka usoni.

"Ndugu yangu Kubwimana ulimwambia hivyo?"

"Alitia saini, mama."

"Saini najua. Nakuuliza mdomo wako."

"Mama Spéciose..."

"Alipocheka akasema ameshushwa cheo, ulijua amedhani nini?"

Kutoka nyuma sauti ya mwanamke ikasema, bila hasira, "Mjibu mama, kijana."

"Nilijua," alisema Audace.

"Ukamwambia?"

"Sikumwambia."

"Kwa nini?"

Jasho lilimtoka kwenye paji la uso likashuka hadi kwenye kola, na Spéciose alilitazama lote, hakujinyima hata tone.

"Kwa sababu ukiwaeleza hivyo," alisema Audace, "hawaji."

Ndicho alichokuwa amekuja kukichukua. Angekaa hapo angekuwa ameshinda, na kusema kweli alikuwa anainama kuketi, wakati msichana wa safu ya katikati alipoinuka. Alikuwa amevaa hijabu ya kijani, mwembamba, sauti yake ya pwani. Alisema anaitwa Raihana, ni mhasibu, na uvimbe wake una jina refu ambalo hata madaktari hulisoma kwenye karatasi.

"Mama umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mimi sijamaliza. Mimi nimekuja na ugonjwa, sikuja na msiba wako, nao nauheshimu. Dawa nyingine zote zimenishinda. Nikisikia yote haya, kwamba hawajui, kwamba watanipa kidogo au nyingi, na bado nikasema nataka, utaniona mjinga?"

"Hapana," alisema Spéciose.

"Basi usimfanye akimbie. Akikimbia huyu, nitaelezwa na nani? Mwache abaki ajifunze kusema hivi kila siku."

Spéciose aliketi.

Mkuu wa kituo aliwaita wote wawili. Alikuwa mtu mwenye haraka ya kusafisha jina la kituo. Alimwambia Spéciose kwamba kituo kimesikitika, kwamba karatasi zitatafsiriwa upya, na kwamba Bwana Audace ataachishwa kazi mara moja. Audace alikuwa amekaa akitazama viatu vyake.

Hapa wengi wangeshukuru na kuondoka. Lakini mtu akifukuzwa Kagugu huajiriwa Nairobi au Kampala, akaenda na shati lake lililonyooshwa na kicheko chake, na wagonjwa wa huko hawana Spéciose. Vilevile taasisi hupenda kumtupa mtu mmoja nje ya dirisha ili isiulizwe kwa nini dirisha lilikuwa wazi. Nani alimpongeza Audace kila wagonjwa walipojaa upesi? Nani hakuuliza wamejaaje? Mkuu huyo huyo.

"Msimfukuze," alisema Spéciose.

Audace aliinua kichwa. Macho yake yalijaa shukrani, na Spéciose aliiona shukrani hiyo akaichukia.

"Usinishukuru, hujasikia. Abaki. Kila mgonjwa anayeingia hatua ya kwanza aelezwe na yeye, kwa mdomo, kwa lugha ambayo mgonjwa anaota nayo. Na mimi niwepo chumbani, kama mgonjwa ataridhia. Siku nisipoweza, asieleze mtu."

"Mpaka lini, mama?" aliuliza mkuu.

"Sijasema mpaka lini."

Walibishana. Mkuu alitaja taratibu, alitaja faragha. Spéciose alitaja ukumbi wa Kagugu na watu wote waliosikia, na magazeti ambayo hayajasikia bado. Mwishowe wakampa mafunzo, wakampa kitambulisho cha mwakilishi wa wagonjwa, ambacho hukivaa kwa namna mtu anavyovaa silaha.

Raihana ndiye aliyekuwa wa kwanza. Alisikiliza yote, akauliza maswali makali, akaingia kwenye utafiti akijua anaingia wapi. Wa pili alikataa, akasema anakwenda kwao Nyamata kukaa na wajukuu. Wote wawili waliondoka wamenyooka. Wamekuja wengi tangu hapo. Kituo sasa hupata wagonjwa wachache kuliko zamani, na wakubwa hulalamika kwamba kazi imepungua mwendo. Wacha ipungue. Mwendo ule wa zamani ulipita juu ya watu.

Watu wa sokoni humwuliza Spéciose kama sasa moyo wake umepoa. Telesphory huwajibu kabla yake: "Umepoa wapi? Amempata mtu wa kumkanyaga kila Jumanne kwa kibali cha Serikali." Naye hakanushi. Waliotarajia kwamba kukaa chumba kimoja na mtu huyo kungemlainisha hawakumjua. Katika nchi hii tumefundishwa kusamehe, na ni fundisho kubwa, lakini yapo makosa ambayo aliyeyatenda hapaswi kusaidiwa kuyasahau. Kubwimana hakupewa siku zake. Kwa nini Audace apewe usingizi?

Jumanne iliyopita aliingia mama mzee wa Busanza, ameshikwa na mwanawe. Aliulizwa kama anaridhia Spéciose awepo, akasema watu wawili ni bora kuliko mmoja. Audace alianza vizuri. Alisema dawa mbili, alisema dripu, alisema vidonge. Kisha akasema, "Tunaamini kwamba zitakusaidia."

Spéciose hakutikisika. "Mnaamini?"

Audace alifumba macho, akayafumbua. Alimgeukia yule mama.

"Mama, nimekosea. Hatujui kama zitakusaidia. Hazijawahi kutolewa pamoja kwa watu. Tunataka kujua mwili unavumilia kiasi gani, na wewe ungekuwa miongoni mwa wa kwanza. Huenda zikakuumiza. Unaweza kukataa, na hakuna atakayekunyima matunzo."

Mama mzee alimwambia ahsante kwa kusema, akaomba akafikiri pamoja na mwanawe, wakatoka wakifunga mlango polepole.

Audace alibaki ameinama juu ya meza. Mvi zimeanza kumwota pembeni mwa kichwa, ambazo hazikuwepo siku ile ya habari za mandazi.

"Mama Spéciose," alisema, "nimeyasema hayo mbele yako mpaka hata nikilala nayasikia. Bado hujanisamehe?"

"Bado," alisema Spéciose. "Mwite anayefuata."